Mtaa Usiopaswa Kupatikana

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Asubuhi ilianza na manyunyu, na kufika saa mbili mvua ilikuwa imepamba moto, kilima chote kikateleza kama sahani yenye sabuni.

Kwa furaha na unyenyekevu, na baada ya sala ya asubuhi, nautangazia umma kwamba siku hiyo Kurugenzi ya Utafiti na Ubunifu wa TEHAMA ilifunga rasmi Awamu ya Kwanza ya utafiti wake mkubwa kuliko yote: utafiti wa kubaini kama mawasiliano yana mchango wowote katika maendeleo. Wengine wamekimbilia kusambaza mitandao kila kona bila ushahidi. Sisi hatukutaka papara. Tulitaka kwanza kujua.

Kwa mtu wa kawaida swali hili linaweza kuonekana jepesi. Mtu wa kawaida hajasoma mbinu za utafiti. Mimi nimezisoma, tena ukubwani, kwenye masomo ya jioni, nikiwa nimekalia dawati la darasa la kwanza huku magoti yakigusa kidevu. Mwalimu wetu ni mdogo kuliko mtoto wangu wa kwanza, na namwita Mwalimu kwa moyo wote. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba ili kujua kama kitu kinafaa, lazima wawepo watu wanaokipata na watu wanaokikosa, kisha uwalinganishe.

Katika utafiti wetu wanaokipata ni Mtaa wa Juu, ulio mgongoni mwa kilima. Mtandao walikuwa nao hata kabla hatujaanza, jambo lililotupunguzia kazi. Wanaokikosa ni Mtaa wa Chini, ulio bondeni nyuma ya kilima, ambako mtandao haujawahi kukanyaga. Kwenye nyaraka zetu unaitwa Kundi Linganishi. Wenyeji wanauita Hapatikani, kwa heshima ya yule dada wa kwenye simu anayewajibu ndugu zao wa mbali kwamba mteja wanayempigia hapatikani kwa sasa.

Mimi ni Mratibu Msaidizi wa Ulinganifu. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba wanaokosa wanaendelea kukosa, kwa kiwango kile kile, bila upendeleo. Kazi hii naiombea kila siku. Namwomba Mungu azilinde takwimu zisichafuke, na awamiminie watu wa Mtaa wa Chini baraka zote isipokuwa mtandao.

Mwanzoni mwa utafiti tulipata mtihani. Mkandarasi aliyepewa kazi ya kuongeza mnara Mtaa wa Juu aliishika ramani kichwa chini miguu juu, akaujenga Mtaa wa Chini. Tulipopata habari, mnara ulikuwa umeshasimama kati ya zahanati na kibanda cha kinyozi, mrefu, mwekundu kwa mweupe, umekamilika, unasubiri kuwashwa tu. Mkurugenzi alishika kichwa. Kuubomoa kulihitaji bajeti ya ubomoaji, na sisi ni watu wa ubunifu. Kuuwasha kungeua utafiti.

Ni mimi niliyepata suluhisho, na utukufu ni wa Mungu. Wiki ile Mwalimu alikuwa ametueleza jinsi dawa zinavyojaribiwa: kundi moja hupewa kidonge chenye dawa, na kundi linganishi hupewa kidonge kinachofanana nacho, ila ndani hakina kitu. Nikanyoosha mkono kwenye kikao.

"Mheshimiwa Mkurugenzi, kwa nini tusiseme kwamba huu ni mnara usio na dawa?"

Kikao kikapiga makofi. Mnara ulizinduliwa kwa utepe na hotuba, ukafungwa taa nyekundu kileleni ili uwape wananchi matumaini ya kiwango sahihi, na akaajiriwa mlinzi wa kuhakikisha kwamba hauwashwi. Mlinzi mwenyewe ni mzee mwembamba, mrefu, asiyecheka. Mtaa unamwita Antena.

Wasioelewa sayansi waliendelea kupanda kilimani kutafuta mtandao, wakiwa wameinua simu juu kama watu wanaosalimu amri. Tulilichukulia jambo hilo kuwa ni uvujaji. Tuliweka bango kilimani: NI MARUFUKU KUPIGA SIMU ENEO HILI. KWA MAELEZO ZAIDI PIGA SIMU OFISI ZETU. Bango lilifanya kazi nzuri sana. Mpaka leo hakuna aliyepiga kuulizia.

Kila mwisho wa mwezi nilishuka bondeni kufanya mahojiano. Nilianzia kwa kinyozi, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu kwake kulikuwa na kiti.

"Katika mwezi uliopita, umepokea simu ngapi?"

"Sifuri."

"Umepiga simu ngapi?"

"Sifuri. Usiniharibie, mzee wa sifuri, geuza shingo nikunyoe huku nyuma."

"Kwa maoni yako, kwa nini hukupokea simu?"

"Labda sina marafiki."

Niliandika: sababu za kijamii. Majibu yake yalikuwa safi kiasi kwamba Mkurugenzi aliyasoma kwa sauti mbele ya wafadhili.

Mwishoni mwa kila mahojiano niliwasomea, kama utaratibu unavyotaka, maneno haya: mshiriki ana haki ya kujitoa katika utafiti wakati wowote bila kutoa sababu. Niliyasoma haraka haraka, kwa sauti ile ya mtu anayefunga kikao, na watu waliyapokea kama wanavyopokea "Amina": wanainuka, wanakung'uta nguo, wanaondoka.

Sasa niseme kuhusu mdogo wangu, maana yeye ni sehemu ya takwimu.

Mdogo wangu ameolewa Mtaa wa Chini na fundi cherehani. Mimba yake ya kwanza ilipofika siku, shemeji alimpakia kwenye toroli amsukume mpaka kilimani, mahali penye mtandao, ili waite gari la wagonjwa. Hawakufika. Mtoto alizaliwa njiani, mzima, mwenye sauti kubwa, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Toroli. Ana miaka mitatu na anajibu akiitwa hivyo. Katika ripoti nilimwingiza kama mfano wa ubunifu wa wananchi katika usafirishaji.

Safari hii mdogo wangu alikuwa na mimba ya pili. Muuguzi wa zahanati, mama mmoja mfupi anayeongea akiwa ameshika kiuno, alinivuta pembeni mwezi uliopita.

"Kaka Mratibu, nisikilize vizuri. Mtoto amekaa vibaya tumboni. Huyu hazaliwi hapa kwangu, na kwenye toroli ndiyo kabisa. Uchungu ukianza nahitaji gari la wagonjwa hapa mlangoni. Na gari haliji kwa kupuliziwa filimbi."

"Nimekuelewa, Mama Muuguzi. Nitaliandika chini ya maoni mengineyo."

"Usiandike! Washeni huo mnara! Uko hapo hapo, nauona dirishani nikiwa nachemsha vifaa!"

"Huo hauna dawa," nilimkumbusha kwa upole.

"Basi mhamishe mdogo wako aende kwa shangazi yake Mtaa wa Juu mpaka ajifungue."

Nilisikitika kumweleza kwamba kumhamisha mshiriki kutoka kundi linganishi kwenda kundi la majaribio ni kosa la kimsingi ambalo hata wanafunzi wa wiki ya kwanza hawalifanyi. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nyumbani wanajua niliko.

Mdogo wangu mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi la zahanati, miguu imevimba, anajipepea kwa kadi ya kliniki.

"Kaka, kwa hiyo na mimi ni data?"

"Wewe ni data muhimu sana, mdogo wangu."

"Na huyu tumboni?"

"Huyo bado. Tutamwingiza akishazaliwa."

"Haya. Mwambie basi asizaliwe mpaka mmalize hesabu zenu."

Siku hiyo nilisali mara mbili, mara moja kwa ajili yake na mara moja kwa ajili ya takwimu, nikajitahidi sala hizo zisigongane.

Ndipo ikafika Jumanne hiyo. Mkurugenzi alishuka bondeni mwenyewe kuthibitisha sifuri zetu. Kama angezikuta safi, angetangaza Awamu ya Pili, na mnara ungeendelea kutowashwa kwa miaka mingine sita. Alifika na gari jeusi, suti ya kijivu, na viatu ambavyo mtaa ulivitazama kwa huruma. Watu walikuwa wamebanana kwenye baraza la kinyozi kukwepa mvua. Muuguzi alikuwa mlangoni mwa zahanati, mdogo wangu benchini nyuma yake.

Mkurugenzi aliinua simu yake juu, akaitazama. Haikuwa na hata mstari mmoja wa mtandao.

"Safi," alisema. "Safi kabisa. Hongera, Mratibu. Hapa pamekufa vizuri."

Nilishukuru. Akatoa hotuba.

"Wananchi wenzangu. Kwa kutopiga simu, ninyi mmelijengea bara hili msingi wa maarifa. Hamjui ni wangapi watakaopiga simu kwa sababu ninyi hamkupiga. Kwa hiyo kwa heshima kubwa natangaza Awamu ya Pili."

Mvua ilipiga bati. Hakuna aliyepiga kofi.

"Swali," alisema muuguzi kutoka mlangoni. "Huyu mjamzito wangu akianza uchungu nimpigie nani, na kwa nini?"

"Swali zuri sana, mama. Suala la afya ya uzazi litaangaliwa kwa mapana yake katika Awamu ya Tatu."

Alipomaliza aliingia garini. Dereva alikanyaga mafuta, matairi yakazunguka, matope yakaruka mpaka kwenye kioo cha kinyozi, na gari likateleza taratibu, kwa heshima zote, likalala ubavu ndani ya mtaro.

Mkurugenzi alitoka kwa mlango wa juu. Alitazama saa. Ilikuwa saa nne na nusu. Uso wake ukabadilika, akaniita pembeni.

"Mratibu, leo kabla ya saa sita mchana lazima niwe kwenye mtandao. Baraza la Ubunifu la Bara linachagua mwenyekiti. Limenichagua mimi. Imebaki nithibitishe kwenye simu."

Nilimpongeza. Mfumo huo wa uthibitisho aliubuni yeye mwenyewe, na ulipata tuzo. Unamtumia mteule ujumbe, naye anajibu kwa kuonyesha uso wake kwenye simu, uso ulio hai na unaopepesa macho, ili makatibu muhtasi wasiwathibitishie mabosi wao. Asiyejibu kufikia saa iliyopangwa, mfumo unamhesabu kuwa amekataa kwa heshima, na unamshukuru.

Alijaribu kilima. Njia ilikuwa imegeuka kijito. Alipanda hatua chache kwa kushika majani, akasimama, akatugeukia kama mtu anayetaka kupunga mkono, kisha akarudi kwetu kwa makalio. Barabara ya mzunguko ilikuwepo, lakini kwa mguu ingemfikisha mjini jioni. Shemeji, ambaye hana kinyongo, akaleta toroli.

"Ingia, Mheshimiwa. Limeshawahi kubeba mtu wa maana."

Alikataa kwa ajili ya hadhi ya ofisi. Akatazama saa. Akaingia. Gurudumu likazama kabla hawajafika hata kwenye kona, na shemeji akarudi akiwa amemsaidia Mkurugenzi kwa kumshika mkono kama bibi harusi.

Hapo ndipo Mkurugenzi alipoinua macho, akauona mnara.

"Washa," alimwambia Antena.

Antena hakujongea. "Siwezi, Mheshimiwa. Nina maagizo. 'Mlinzi asiwashe mnara wa Kundi Linganishi kwa amri ya mtu yeyote, hata yangu mwenyewe.' Sahihi yako iko chini."

"Niliandika hivyo kuonyesha msisitizo!"

"Na mimi nilisisitizwa."

Mkurugenzi alinigeukia. Nilijua anategemea msaada wangu, na msaada wangu pekee ni utaratibu. Nilimweleza kwamba, kwa mujibu wa mwongozo wake, mtu yeyote aliyekaa ndani ya Kundi Linganishi zaidi ya saa moja anahesabika kuwa mshiriki, na ombi la mshiriki haliwezi kupokelewa kabla hajaandikishwa na kuhojiwa.

"Basi nihoji! Haraka!"

Nilimkalisha kwenye kiti cha kinyozi. Kinyozi, kwa mazoea, akamfunga kitambaa shingoni. Mtaa mzima ulisogea. Ilikuwa mara yao ya kwanza kusikiliza mahojiano wakiwa upande wa pili.

"Katika saa moja iliyopita umepokea simu ngapi?"

"Sifuri."

"Andika vizuri," kinyozi aliniambia. "Isionekane kama sita."

"Umepiga simu ngapi?"

"Sifuri, bwana!"

"Kwa maoni yako, kwa nini hukupokea simu?"

"Kwa sababu hakuna mtandao!"

Watu walitazamana. "Ametaja mtandao," alinong'ona mama mmoja. "Sisi miaka yote hii hatukujua kama inaruhusiwa."

Nilimweleza Mkurugenzi kwamba jibu hilo halimo kwenye machaguo. Yeye ndiye aliyeliondoa, kwa kuwa lingeelekeza majibu. Yaliyokuwa karibu nalo ni "sababu za kijamii" au "nyinginezo".

"Labda huna marafiki," kinyozi alimsaidia.

"Nyinginezo!" alifoka Mkurugenzi. "Weka nyinginezo!"

Tukaendelea na maswali ya mifugo, idadi ya vyumba, na aina ya paa. Yote ameyatunga yeye, na ni marefu. Kila alipotaka kuruka swali nilimwomba asubiri. Alikuwa ananitazama kama muuguzi alivyonitazama mwezi uliopita, na kwa mara ya kwanza nilihisi huenda kuna kitu katika lile dodoso ambacho masomo ya jioni hayajakifikia.

Tulikuwa kwenye swali la chanzo cha maji tuliposikia sauti kutoka zahanati. Haikuwa kelele. Ilikuwa pumzi moja ndefu, ya mtu aliyepigwa mgongoni. Mdogo wangu alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

Muuguzi alimgusa tumbo, akasikiliza, akainua kichwa. Safari hii hakushika kiuno.

"Mratibu. Umeanza. Na mtoto bado amekaa vile vile. Nahitaji gari sasa hivi, si kesho, si Awamu ya Tatu. Kilima hakipandiki. Nifanye nini?"

Nilifumba macho nikaomba. Nilizoea kupata jibu nikiwa nimetulia, kitandani au kwenye benchi la nyuma kabla ya ibada kuanza. Pale kulikuwa na mvua, na Mkurugenzi ana kitambaa shingoni, na mdogo wangu anapumua kama mtu anayebeba gunia. Sala yangu ikatoka fupi. Sikuziombea takwimu. Nilizisahau.

"Kaka!" mdogo wangu aliita. "Yale maneno yako ya kila mwezi! Yale unayoyasoma mbio mbio!"

"Maneno gani?"

"Ya kujitoa! Najitoa! Unanisikia? Mimi sio data tena! Najitoa, na huyu tumboni anajitoa, na Toroli anajitoa!"

Nilisimama pale na kalamu. Mshiriki ana haki ya kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Sikuwa nimewahi kuona mtu akiitumia. Ilikuwa kama kumwona mtu akikalia kiti cha makumbusho, na kiti kinambeba.

"Na mimi najitoa," alisema shemeji.

"Mimi pia," alisema kinyozi, mkasi mkononi. "Sifuri zangu zote nabaki nazo."

Wakafuata wengine, baraza zima, mmoja mmoja na kisha kwa makundi, hata bibi mmoja asiyesikia vizuri aliyedhani tunaorodhesha watu wa vyandarua. Nilikata majina mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Nikamgeukia Antena.

"Mzee, maagizo yako yanasema usiwashe mnara wa Kundi Linganishi. Kundi halipo. Hapa pana mtaa tu, na mnara tu."

Antena alifikiri. Ni mtu wa haki. "Kama ni mnara tu," alisema, "sijawahi kukatazwa kuwasha mnara tu." Akaingia kwenye kibanda chake, akafungua sanduku la chuma, akasukuma swichi.

Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha mtaa mzima ukalia.

Simu zilizokuwa zinatumika kama tochi, kama vioo, kama saa za mezani, zote zikaanza kuita na kutetemeka mifukoni. Kinyozi alipokea ofa nyingi za leo tu, za tangu mwaka juzi. Bibi asiyesikia alisikia. Katikati ya makelele hayo muuguzi alikuwa ameziba sikio moja, anasema kwa sauti ya polepole: "Ndiyo, gari la wagonjwa. Hapatikani. Ndiyo, tunapatikana. Pitieni barabara ya mzunguko." Akakata. "Wanakuja," alisema, na mdogo wangu akaketi chini pale pale kizingitini, akacheka huku analia.

Simu ya Mkurugenzi nayo ililia, mara tatu. Ujumbe wa kwanza ulimwomba athibitishe. Wa pili ulimkumbusha. Wa tatu ulikuwa umetumwa saa sita na dakika moja. Aliusoma, na kinyozi, aliyekuwa nyuma ya kiti, akachungulia begani kwake na kuusoma kwa sauti: "Baraza limepokea kukataa kwako kwa heshima. Asante kwa kutumia mfumo wetu."

"Pole sana," alisema kinyozi. "Tukupunguze pembeni kidogo?"

Mkurugenzi alivua kitambaa. Akajikusanya kama viongozi wanavyojikusanya.

"Zimeni huo mnara," alisema. "Gari la wagonjwa limeshaitwa. Mimi bado ni Mkurugenzi, na Awamu ya Pili bado ipo. Nimeshaitangaza."

Muuguzi alinitazama mimi. Mdogo wangu alinitazama mimi. Nami nilitazama orodha yangu, kwa kuwa ndicho kitu ninachojua kukitazama, nikaona jambo ambalo uaminifu wa kazi haukuniruhusu kulinyamazia.

"Mheshimiwa, ni kweli kabisa. Awamu ya Pili inaweza kuanza hata leo. Kundi Linganishi bado lina mshiriki mmoja."

"Nani?"

"Wewe, Mheshimiwa. Nimekuandikisha asubuhi. Wengine wote wamejitoa, wewe hujajitoa. Utafiti ukiendelea, mnara utazimwa, na wewe utakaa hapa bondeni bila mtandao mpaka awamu iishe. Usihame, maana uhamaji unachafua. Nitakuja kila mwisho wa mwezi kukuhoji."

Nilisema hivyo kwa moyo mweupe. Watu wanasema nilimkomoa. Mungu ananijua.

"Chumba cha uani kwangu kiko wazi," alisema kinyozi. "Kinavuja upande mmoja tu."

Mkurugenzi aliikumbatia simu yake. "Basi na mimi najitoa."

"Inapokelewa, Mheshimiwa. Ila fomu zimelowa. Bila fomu, mshiriki hujitoa kwa mdomo mbele ya mashahidi, nao wakubali kuwa mashahidi."

Aliwageukia. Baraza zima likatazama dari. Shemeji alianza kuchunguza gurudumu la toroli.

"Mashahidi tupo," alisema muuguzi hatimaye. "Ila tuna jambo letu dogo. Ukijitoa, utafiti umekwisha. Utafiti ukiisha, mnara unabaki wa nani? Wa ofisi yako. Kesho utatuma mtu auzime kwa ajili ya jambo lingine lenye jina refu. Tuahidi kwanza."

Mbali, upande wa barabara ya mzunguko, king'ora kilisikika.

"Kwa kuzingatia umuhimu wa miundombinu wezeshi," alianza Mkurugenzi, "na kwa kadiri rasilimali zitakavyoruhusu, kurugenzi itaangalia uwezekano wa..."

"Ongea kama mtu!" alipiga kelele mdogo wangu kutoka kizingitini, meno yamebana. "Gari langu linakuja! Mimi ni shahidi na sina muda!"

King'ora kilikaribia. Watu wa Mtaa wa Juu walikuwa wamejitokeza kilimani na miavuli, wanatazama chini. Mkurugenzi alipanda kwenye kibao cha kiti cha kinyozi ili aonekane, matope yakimchuruzika mpaka kwenye soksi.

"Mnara hautazimwa," alisema.

"Hatusikii huku!" walipiga kelele wa kilimani.

"Mnara hautazimwa!"

"Na ukizimwa?" aliuliza Antena, ambaye mpaka siku hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akiuliza kitu.

Mkurugenzi alitazama gari lake mtaroni, akatazama chumba cha uani, akatazama simu yake yenye mistari yote ya mtandao. Akainua mkono wa kuume, na mbele ya muuguzi, kinyozi, shemeji, mlinzi, mitaa miwili, mdogo wangu na aliyemo tumboni, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka juu ya kilima:

"Naahidi! Ukizimwa hata kwa siku moja, nileteni hapa na mizigo yangu, mimi ndiye niwe Kundi Linganishi!"